Baridi ya Baba

Siku alipozikwa Baba, kabla wanaume hawajarudi kutoka makaburini, Mama aliinuka kwenye godoro alilotandikiwa la eda, akapita katikati ya wanawake waliokuja kumpa pole, akaingia chumba cha Baba na kufunga dirisha. Nilimsikia kutoka jikoni. Dirisha lile lilikuwa limekaa wazi miaka mingi mno, na bawaba zake zililia kwa kutu. Aliporudi alikaa chini, akajitengeneza khanga yake kichwani, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Haya. Baridi ya baba yenu imekwisha."

Wanawake wakatikisa vichwa, wakadhani uchungu ndio unaosema. Mimi nilibaki jikoni na birika mkononi, kwa sababu nilijua Mama alikuwa anafunga hesabu ya zamani sana, na kwamba aliyekuwa akidaiwa siku zote hakuwa Baba.

Kama ulikulia London miaka niliyokulia mimi, huna haja ya kuelezwa baridi ya ndani ya nyumba. Unakumbuka barafu iliyoota kwa ndani ya kioo, ukiichora kwa ukucha. Unakumbuka kuvaa nguo ukiwa bado ndani ya blanketi, na ule mduara mmoja wa joto mbele ya hita ya mafuta ya taa, ambapo ukikaa unaungua uso na mgongo unaganda. Watoto wangu hugeuza kitufe ukutani, nyumba nzima ikapata joto, kisha wananiambia kwa Kiingereza kwamba nimeanza tena.

Tulitoka Unguja baada ya Mapinduzi, mimi nikiwa mtoto wa kubebwa. Sikumbuki chochote cha safari. Ninachokumbuka kinaanzia Edmonton, kaskazini mwa London, vyumba vitatu vya chini vya nyumba iliyoshikana na nyingine mtaa mzima, na Baba amepiga magoti mbele ya kitu, anakitengeneza. Kwetu alikuwa fundi wa gereji ya serikali. Huku alinunua gari bovu la mizigo, akalifufua, akapata kazi ya kusambaza mikate ya kiwanda kimoja. Hakuwa mtu wa maneno. Ukimuuliza habari za kwao, angekwambia tu, "Yamepita hayo," halafu akaenda kufungua kitu kilichokuwa hakijaharibika.

Gari lile lilichukia baridi kuliko sisi. Kila jioni Baba alilifanyia mambo yake kwa utaratibu ule ule, nami nikimtazama dirishani. Kwanza alifungua koki chini ya rejeta na kumwaga maji yote, yasije yakaganda na kupasua injini. Kisha akaifungua betri, akaileta ndani mikononi, akailaza juu ya gazeti karibu na hita. Halafu akatandika blanketi la kijivu juu ya injini, akawasha taa ndogo ya mafuta iliyofunikwa wavu, akaisukuma chini ya injini ili oili isigande. Alfajiri aliyarudisha yote, akamimina birika mbili za maji ya moto kwenye rejeta, akazungusha hendeli ya kuwashia mpaka mshipa wa shingo ukamtoka.

"Wallahi hilo gari umelioa," Mama alikuwa akimtania. "Mwenzangu ana blanketi zito kuliko langu."

"Lisipoamka hilo, hatuli," Baba akimjibu, na kucheka kidogo. Alikuwa akicheka siku hizo.

Mwaka ule Mama alikuwa na mimba, na Baba akaamua kwamba mtoto wake hatazaliwa ndani ya upepo. Akaipania nyumba. Alipika uji mzito wa unga wa ngano, akakata magazeti vipande virefu, akavibandika kwenye kila ufa wa kila dirisha. Akajaza mchanga kwenye soksi ndefu kuukuu, akazilaza chini ya milango. Akakongoa bati la zamani akalitia nyuma ya hita lirudishe joto chumbani. Nyumba ikawa inanuka uji, gundi na mafuta ya taa, na mpaka leo nikipita mahali mtu anawasha taa ya mafuta, naisikia sauti ya brashi yake ikipaka uji kwenye mbao.

Aliyemletea mafuta ya taa ni Bwana Kanji, Mhindi wa Unguja mwenye duka la vifaa Kenton. Alikuja kila Jumapili na madumu mawili, pipi za mtoto, na rai juu ya kila kitu. Kiswahili chake cha mjini kilikuwa safi kuliko changu, na kila alipokuja alinikumbusha. Jumapili ile aliyakagua madirisha mkono mgongoni, akakubali kazi, halafu akainama nyuma ya kabati la chumba cha wazee, pembeni ya pale kitakapowekwa kitanda cha mtoto. Palikuwa na tundu la hewa ukutani, karibu na sakafu. Wavu wake wa chuma ulikuwa umezibwa na rangi za miaka, isipokuwa upande mmoja uliovunjika, ukaacha nafasi ya kupita ngumi.

"Hili usiliguse, Bwana Hamad," akasema. "Nyumba za huku si kama zetu. Kwetu upepo waingia juu, watoka chini, hujui hata wapi. Huku umefunga kasha. Hili ndilo pua yake."

"Nalijua hilo," Baba akasema. "Miye fundi. Ukiwasha injini ndani ya gereji iliyofungwa, hutoki." Akageuka kututazama mimi na Mama tuliokuwa mlangoni. "Tundu hili halizibwi. Mumesikia?"

"Tumesikia," tukajibu. Mimi nilikuwa na miaka saba. Hakuna aliyenieleza kwa nini, nami sikuuliza, kwa sababu nilidhani naelewa. Nilimwona Baba, ambaye hakuacha hata ufa wa kupita uzi, akiinama mbele ya tundu lile na kuliacha. Nikaona analiogopa.

Salum alizaliwa hospitali, akaletwa nyumbani amefungwa mpaka puani. Pamoja naye akaja Shangazi Rukia, dada yake Baba, aliyekuwa akifua mashuka ya hospitali huko Lewisham na aliyeomba ruhusa kazini kwa ajili ya uzazi wa Mama. Shangazi hakuwa na mchezo na arobaini. Mzazi alikandwa kwa maji ya moto asubuhi na jioni, akafungwa tumbo, akanyweshwa uji wa pilipili manga mpaka machozi yakamtoka. Kisu kikalala chini ya mto wa mtoto. Na mzazi akawekewa moto chini ya kitanda, kama alivyowekewa mama yake, na mama wa mama yake.

Jiko la moto huo alilitengeneza Baba. Alilikata kutoka debe la oili ya injini, akalitoboa matundu kwa msumari, akaliwekea miguu mitatu ya chuma na bati la kukinga godoro. Kazi safi. Shangazi aliwasha mkaa nje uani, akaupepea mpaka ukawa mwekundu wote, hauna moshi hata kidogo, ndipo akauingiza ndani. "Moshi ndio wenye madhara," alisema. "Huu sasa ni joto tupu." Ndivyo alivyofundishwa, na kwa nyumba alizofundishiwa alikuwa sawa. Baba alipolileta jiko alirudia maneno yake ya tundu, akamtaka na mlango usifungwe kabisa. Shangazi akasema ndiyo, ndiyo, akamtoa nje, maana chumba cha mzazi si mahali pa mwanamume.

Nilipenda sana jambo lile. Nje kulikuwa na gari limelala na taa chini yake, ndani Mama amelala na jiko chini yake. Nikaamini kwamba kila kinachotakiwa kuinuka tena huwekewa moto chini. Nilimweleza hivyo mwalimu wangu shuleni, kwa Kiingereza changu kipya, naye akaniangalia kwa muda kisha akanisifu kwa kuwa na fikra.

Shuleni pia ndiko nilikojifunza kupiga mluzi. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikiwa nimejaa fahari, nikaingia chumbani kwa Mama napiga mluzi wangu wa kwanza. Shangazi alinipiga kofi la mdomo kabla sijamaliza pumzi.

"Mluzi ndani ya nyumba? Na mtoto mchanga yumo? Unawaita!"

"Namwita nani?"

"Hao," akasema, akaangalia pembe za chumba, akaanza kusoma kwa haraka.

Mama alinivuta kifuani akanifuta mdomo, lakini hakumpinga. Sikuuliza tena ni kina nani. Neno lile moja lilinitosha. Na usiku ule upepo ulipobadilika ukaanza kupiga kutoka nyuma ya nyumba, nililisikia tundu nyuma ya kabati likipiga mluzi.

Nataka mnielewe vizuri hapa. Lilipiga kweli. Lilianza chini, likapanda, likakata, likaanza tena, taratibu kabisa, kama mtu mwenye subira. Wakubwa hawakulijali. Mimi niliyepigwa kofi kwa mluzi mmoja nililala chumba cha pili nikihesabu miluzi ya ukuta, mmoja, mwingine, mwingine. Nikajua kwa nini Baba aliliogopa. Kilichokuwa humo kilikuwa kinawaita wenzake waje, na kitanda cha Salum kilikuwa hatua moja kutoka pale.

Asubuhi ya siku ya kumi na tisa ya Salum, theluji ilifika kwenye kizingiti na shule ikafungwa. Upepo ulikuwa mkali. Baba alikuwa nje tangu alfajiri, gari limekataa kabisa. Alilizungusha, akalibembeleza, akafungua plagi na kuzipasha moto jikoni kwenye sufuria kavu, akazirudisha, likakohoa mara moja likanyamaza. Akairudisha betri ndani, akawasha tena taa yake chini ya injini, akafunika blanketi na kungoja. Mikate ya watu ilikuwa inamngoja kiwandani.

Ndani, Mama alisema kichwa kinamgonga.

"Baridi imekupanda," Shangazi akasema. "Leo n'takuongezea mkaa." Akaongeza, akasukuma soksi ya mchanga kwa mguu mpaka mlango ukakaza, akaenda jikoni kutazama uji wake. Mama alifumba macho. Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni karibu na Salum, nimeshavaa koti niende nje kwa Baba, na tundu lilikuwa linapiga mluzi mkubwa kuliko siku zote. Salum akageuza kichwa. Naapa aliugeuzia ukuta, macho wazi, kama mtoto aliyeitwa jina lake.

Nilikuwa na glavu nyekundu. Mama ndiye aliyezifuma, akifundishwa na mama mmoja wa Kizungu wa nyumba ya pili, na kwa kuwa zilikuwa za kwanza maishani mwake, kidole gumba cha mkono wa kushoto kilitoka upande si wake. Nilizipenda kuliko kitu chochote nilichokuwa nacho. Nikavua ile ya kushoto. Nikajipenyeza nyuma ya kabati kwa tumbo, nikaikunja ngumi, nikaisukuma ndani ya lile pengo, nikaikandamiza kwa vidole mpaka ikakaa.

Mluzi ukakatika. Sijawahi kusikia kimya kama kile. Nilitoka nyuma ya kabati na vumbi usoni, nikambusu Salum kwenye paji la uso, nikamwambia kwa sauti ndogo, "Sasa hawaji." Kisha nikaenda nje, nimejaa furaha hata miguu haigusi chini.

Baba alikuwa amelala chali kwenye theluji juu ya gunia, kichwa chini ya gari. Akajivuta akatoka, akaniangalia. "Mkono mmoja mbona mtupu?"

"Haina neno," nikasema.

"Utie mfukoni basi, usikatike." Akarudi chini ya gari.

Tulikaa hivyo sijui muda gani. Alinipa bisibisi nimshikie, akanieleza kwamba injini nayo ina mdomo na pua, kwamba inavuta hewa safi na kutoa chafu, na kwamba ukiiziba popote inakufa. Nilimsikiliza nusu nusu. Nilikuwa nangojea aulize habari za tundu, nimwambie kwamba hana haja ya kuliogopa tena.

Shangazi alipiga ukelele. Alikuwa ameingia chumbani na bakuli la uji, akamwita Mama, Mama hakuitika. Baba aliruka kizingiti na viatu vyake vya theluji. Alitoka amembeba Mama mikononi, kichwa kimelegea, mashavu yake mekundu, mazuri, kama ya bibi harusi. Shangazi nyuma yake amemkumbatia Salum, hajui amfunike vipi. Baba akalivuta blanketi la kijivu kutoka kwenye injini akamfunga nalo Mama, akairudisha betri, akazungusha hendeli. Gari lililokataa asubuhi nzima likawaka mara moja.

Daktari alisema baadaye kwamba robo saa zaidi, na Mama naye asingerudi. Kwa hivyo taa ile ndogo na blanketi lile vilimponya Mama. Salum alikuwa ameshakwenda hata kabla ya uji kuiva.

Mama wa Kizungu wa nyumba ya pili alinichukua kwake, akanipa maziwa ya moto na biskuti nisizoweza kumeza. Giza la mapema lilipoingia, Baba alirudi peke yake kunichukua. Aliniambia Mama ni mzima. Nikamuuliza Salum, akasema Salum kachukuliwa na Mungu, na akasimama pale ukumbini amenishika mkono ule mtupu, anaupashia joto kwa viganja vyake viwili. Kisha akaingia chumbani. Nilisikia kabati likiburutwa. Halafu sikusikia kitu kwa muda mrefu. Alipotoka, alianza kubandua magazeti madirishani, dirisha moja baada ya jingine, akichana uji uliokauka kwa kucha, mpaka nyumba nzima ikawa na upepo.

Kesho yake nilikwenda kuchungulia nyuma ya kabati. Glavu haikuwapo. Tundu lilikuwa wazi, jeusi, linapiga mluzi mdogo. Ndipo nikaelewa, kwa akili yangu ya miaka saba, yaliyotokea: waliita, wakaja, wakaitoa glavu yangu, wakaenda nayo na Salum. Miaka kadhaa baada ya hapo niliogopa kwamba siku moja mkono utatoka ukutani umevaa glavu nyekundu, gumba limekaa vibaya, unaitafuta kwangu ile ya kulia. Nyumba zote nilizoishi tangu wakati huo, jambo la kwanza hutazama ukuta karibu na sakafu.

Siku hiyo hiyo alikuja afisa mwenye daftari. Aliuliza nani aliyeziba, akionyesha kwa kalamu pande zote za chumba. Baba alikuwa amesimama amenyooka, kofia mkononi. "Mimi," akajibu kwa Kiingereza chake. "Kila kitu, mimi." Afisa akaandika.

Mama aliporudi kutoka hospitali aliukuta mlango wazi na madirisha wazi. Hakulia mbele yetu. Alimwambia Baba sentensi moja tu. "Umetufungia kama dagaa wa kopo."

"Ndiyo, Asha," Baba akasema.

Baada ya wiki mbili Baba aliniuliza glavu yangu nyingine iko wapi. Nikasema nimeipoteza shuleni. Aliniangalia, akachuchumaa tukawa uso kwa uso, akasema, "Basi. Usiitafute tena. Umesikia, Zuwena? Usiitafute tena." Jioni akaniletea jozi mpya, za buluu.

Alihamia chumba kidogo cha nyuma, akafungua dirisha, halikufungwa tena. Tulipohama alilichagua jingine, nalo akalifungua. Theluji iliingia, ikayeyuka kwenye shuka lake. Mama hakuacha kumlaumu. Kila mwaka baridi ilipoanza, alikuwa na siku yake moja, akipika au akikunja nguo, atasema bila kumtazama, "Mwanangu angekuwa na miaka kumi leo." "Angekuwa anaoa leo." "Wewe na magazeti yako." Na Baba atasema, "Ndiyo, Asha."

Nilikuwa na miaka kumi na tano nilipoyajua mambo ya hewa ya mkaa. Mwalimu wa kemia alichora ubaoni nyumba, jiko, na tundu, akaeleza hewa isiyo na rangi wala harufu, na kwamba mashavu ya anayekufa nayo huwa mekundu. Niliomba ruhusa nikaenda chooni nikatapika. Niliyoyafanya niliyajua yote siku ile, kwa mstari mmoja wa chaki.

Sikumwambia mtu. Nikaolewa, nikazaa, sikumwambia mume wangu. Kila mwaka nilimsikia Mama akisema siku yake, nikamsikia Baba akijibu ndiyo, nami nikaendelea kumenya vitunguu. Mtoto wa miaka saba nimeshamsamehe, hakujua. Yule mwanamke wa miaka thelathini, wa arobaini, aliyekuwa akijua na akamwacha babake abebe, huyo ndiye asiyenipa usingizi.

Nilihamia kwa Mama kwa muda wa eda. Wiki ya tatu aliniambia, "Katoe vyuma vya baba yako kwenye kibanda cha uani, vinanuka." Nikaenda. Sanduku lake la vifaa lilikuwa palepale, kila spana mahali pake. Harufu ya mafuta ya taa ilinipanda mara tu nilipofungua kifuniko, maana taa yake ndogo ya chini ya injini ilikuwa humo, ameufungia wavu wake kwa waya, na gari lenyewe lilikwisha kuuzwa zamani kama vyuma chakavu. Chini ya taa palikuwa na kopo la plagi. Ndani ya kopo, karatasi ya mikate. Ndani ya karatasi, glavu nyekundu ya mkono wa kushoto, ingali imekunjwa ngumi, gumba limetoka upande si wake.

Nilikaa kwenye sakafu ya saruji mpaka miguu ikafa ganzi. Alijua. Alijua tangu jioni ile alipoburuta kabati. Alijua aliponishika mkono, alipomjibu afisa, aliponiambia nisiitafute. Zile "ndiyo" zote alizomjibu Mama, miaka yote ile, zilikuwa zangu.

Nikaingia ndani. Mama alikuwa amekaa godoroni na tasbihi, mguu mmoja umekunjwa. Nikamwekea glavu mapajani.

Aliitambua papo hapo. "Gumba langu," akasema, karibu acheke. "Umeipata wapi? Si uliipoteza shuleni?"

Nikamwambia. Sikuchagua maneno, na nililia kabla ya kufika katikati, lakini nilimwambia yote, kofi, mluzi, kabati, kopo la plagi. Nilingoja anifukuze. Tasbihi ilikuwa imesimama mkononi mwake.

"Ulikuwa na miaka saba," akasema mwishowe.

"Ndiyo, Mama."

Akaikunjua glavu, akajaribu kuivaa. Iliingia vidole viwili tu. Akaviangalia vidole vile viwili kwa muda mrefu.

"Mkono mdogo hivi," akasema. Halafu, "Na yeye akijua?"

"Alijua."

"Siku zote?"

"Tangu siku ileile."

Akaegemea ukuta, akafumba macho. Nje kulikuwa kunaingia giza, na vyuma vya joto vya ukutani vilikuwa vinagonga gonga kama kawaida yake jioni. Nilidhani amelala. Kisha akanigusa bega.

"Zuwena. Kalifungue dirisha lake."

"Mama, kuna theluji."

"Kalifungue."

Nikaenda chumbani kwa Baba. Bawaba zililia tena, nikalisukuma mpaka mwisho, nikaiacha milango yote wazi. Nilirudi nikakaa karibu yake, naye akanivuta kifuani, akanifunika upande mmoja wa khanga yake. Tukakaa hivyo, baridi ya Baba ikaingia nyumbani.